Kompyuta na Usemi wa Kiingereza

Hapana shaka kwamba kompyuta imewapa wachunguzi wa Kiingereza msaada mkubwa. Mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Brown, uliotengenezwa Marekani na W. Nelson Francis na Henry Kučera na kutolewa mwaka 1964, una vipande 500 vya maneno kama 2,000 kila kimoja, vyote vya maandishi yaliyochapwa mwaka 1961. Kwa mkusanyo huo yajulikana kwamba neno "the" peke yake huchukua karibu maneno 7 katika kila 100.

Lakini maandishi si lugha yote. Randolph Quirk alilitambua hilo alipoanzisha uchunguzi wake mwaka 1959: vipande 200 vya maneno 5,000, nusu maandishi na nusu usemi. Usemi huo ulitiwa alama za mkazo, vituo, na kupanda na kushuka kwa sauti. Kisha Jan Svartvik, huko Lund katika Uswidi, akautia katika kompyuta.

Mkusanyo wa Taifa wa Uingereza, uliokamilika mwaka 1994, una maneno milioni 100. Ukubwa wake wastahili sifa, na vilevile ile njia ya kuwapa watu 124 vinasa sauti wachukue katika shughuli zao za kila siku. Walakini usemi humo ni milioni 10 tu, nao umeandikwa kwa tahajia ya kawaida. Vituo vilitiwa alama, kiimbo hakikutiwa.

Hasara yake si ndogo. Mwingereza akisema "yes" kwa sauti inayoshuka, amekubali. Akiipandisha, aweza kuwa anauliza, au anamtaka mwenziwe aendelee. Kompyuta iliyopewa herufi tatu tu itayahesabu yote kuwa neno moja. Hesabu itakuwa sahihi, lakini maana imekwisha potea kabla mashine haijaanza kazi.

Mtu aweza kujibu kwamba kuandika kiimbo ni kazi ghali, tena wasikilizaji wawili hawapatani daima. Ni kweli. Lakini basi uwiano wa 10 kwa 90 umeamuliwa na gharama, wala si na nafasi ya usemi katika maisha ya wenye lugha. Na atumiaye hesabu hizo hana budi kusema hivyo waziwazi. Ama sivyo, atatunga sarufi ya kalamu na kuiita sarufi ya Kiingereza. Kwa swali la kiimbo, nusu milioni ya maneno yaliyosikilizwa vema yafaa kuliko milioni 10 yaliyoandikwa kama barua.