Juu ya Neno "Mdahalo"

Neno mdahalo lataka watu wasiopungua wawili, maana kiini chake ni kujibizana. Mwaka 1995 Watanzania waliliona katika maana yake kamili: Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo walikutana Dar es Salaam mbele ya kamera za televisheni. Mwaka 2015 Magufuli na Lowassa, wagombea wenye nguvu kupita wenzao, hawakuhudhuria. Huko Kenya Odinga alisimama peke yake mwaka 2017, na Ruto vivyo hivyo mwaka 2022. Hata hivyo neno halikubadilishwa.

Mpiga kura wa Mwanza anungunikaye mbele ya kioo asidhaniwe kuwa hana subira tu. Yeye ni mhakiki aliyefunzwa. Katika Usukuma, Bagika na Bagalu hucheza ngoma zao wakati mmoja katika uwanja mmoja, na hukumu hutolewa kwa miguu: watazamaji huhama kutoka kundi hili kwenda lile, na lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Ndiyo sababu wachezaji wengine huleta hata chatu uwanjani! Wenye umati mdogo hawana haja ya kuambiwa kuwa wameshindwa, wanajionea wenyewe.

Televisheni imemnyang'anya mtazamaji miguu hiyo. Lililobaki mkononi mwake ni kuzima chombo, na kuzima hakumdhuru mgombea aliyebaki nyumbani. Kwamdhuru yule aliyekuja.