Joka Lilisema au Joka Alisema? Upatanisho wa Kisarufi katika Chuo cha Loch Laggan

Katika riwaya ya Naomi Novik, His Majesty's Dragon (2006), vita dhidi ya Napoleon vinapiganwa kwa merikebu na kwa majoka. William Laurence, nahodha katika Jeshi la Wanamaji la Mfalme, anateka merikebu ya Kifaransa iliyobeba yai. Temeraire anapoanguliwa na kumkubali, Laurence analazimika kuiacha bahari na kuanza mafunzo upya Loch Laggan, Uskoti.

Historia mbadala ya Novik ina woga: mfalme yu kitini, vyeo ni vilevile. Ni chuoni tu ambako historia imegeuka kweli. Mkufunzi mkuu, Celeritas, ni joka. Wamo makapteni wanawake, kwa kuwa majoka ya aina ya Longwing hayakubali kuongozwa na wanaume, raia hawaambiwi.

Kitenzi cha Kiingereza hakidokezi iwapo joka ni mali ya Mfalme au ni askari wake. Kiswahili hakina pa kujificha. Joka, ukubwa wa nyoka, lina upatanisho wa LI-YA. Likihesabiwa kiumbe mwenye nafsi, huingia A-WA, kama tunavyosikia "jitu lile" na "jitu yule". (Msomaji ameshaona kwamba nami nimeyumba.) Wapo watakaodai A-WA tangu mwanzo, kwani Temeraire huanguliwa akijua lugha alizozisikia ndani ya gamba. Siafiki. Tafsiri ya namna hiyo ingemnyima Laurence somo lenyewe. Mbele ya Celeritas, LI- inapaswa kugeuka A- katika sentensi ileile anayotambua kwamba anayesema naye ni mwalimu wake.

Msamiati nao unasaidia, ingawa kwa kiasi. Rubani alikuwa mwongoza chombo baharini kabla ya kuwa mwendesha ndege. Neno limesafiri njia ya Laurence. Hata hivyo, ndege haimjibu rubani wake, hivyo ningebaki na nahodha.

Kipimo kigumu zaidi ni Rankin, kapteni wa ukoo bora, ambaye adabu zake za kibwanyenye zinamhadaa Laurence mwanzoni. Joka wake, Levitas, hutelekezwa mchafu na mpweke. Kinywani mwa Rankin, Levitas abaki LI- hadi anapokufa kwa majeraha, huku kila mtu mwingine kando yake akisema A-.