Fumbo na Stara: Uhakiki wa Masimulizi ya Mateso ya Nyumbani

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligundua. Methali hii husemwa aghalabu kwa kusifu akili ya msikilizaji, lakini ndani yake limo onyo ambalo waandishi wetu hawana budi kulitazama. Masimulizi ya wanawake waliopigwa na kuteswa na waume zao huandikwa na kutangazwa leo katika lugha yetu. Ni jambo la heri, maana kwa muda mrefu habari hizi zilikaa chini ya mkeka. Walakini mara nyingi msimulizi huachiwa ulinzi mmoja tu: jina lake hubadilishwa. Aliyekuwa Asha huitwa Zainabu, na mwandishi hudhani kwamba wajibu wake umekwisha. Hoja ya insha hii ni kwamba kubadili jina peke yake ni fumbo jepesi, na mwerevu wa kwanza kuligundua ni yule yule aliyetenda mateso.

Desturi ya fumbo ni kongwe katika pwani yetu. Mwanamke aliyeudhika huweza kununua kanga yenye maneno, akaivaa na kupita mlangoni pa amkusudiaye. Wapita njia huona nguo na maua yake. Mmoja tu hujua kwamba amesemwa. Mafumbo ya taarabu hufanya kazi ile ile katika ukumbi uliojaa watu. Uzuri wa sanaa hii umo katika shabaha yake: ni siri kwa wengi na ni wazi kwa mmoja. Sasa na tuutazame ushuhuda wa mke aliyepigwa. Haja yake ni kinyume kabisa. Wataka wengi wajue mateso yalivyo, na yule mmoja asitambue ni nani aliyesema. Mwandishi aazimaye ufundi wa kanga kwa kazi hii ameshika kisu kwa makali. Humficha msimulizi kwa wageni, ambao hawana nia mbaya naye, na humfunua kwa mume, kwa mawifi na kwa majirani, ambao ndio wawezao kumdhuru.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi aeleza kwamba Zainabu, ambalo si jina lake la kweli, ni mke wa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Ni mama wa pacha. Alilazwa hospitali katika mwezi wa Ramadhani kwa sababu ya mkono uliovunjika. Na sasa anashona nguo kwa dada yake mjini. Msomaji wa mbali hatambui kitu. Lakini katika kijiji hicho mwalimu mkuu ni mmoja, pacha wajulikana, na mkono uliofungwa plasta ulionwa na kila mtu kisimani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Baya zaidi, maneno ya mwisho yamemwonyesha mume mahali pa kumtafuta mkewe. Wale waliochunguza mambo haya wameonya kwamba wakati mwanamke anapomwacha mume mkali, na siku zifuatazo, ni wakati wa hatari kubwa kuliko nyingine. Sentensi moja iliyoandikwa kwa huruma yaweza kuwa kama mkono unaomwelekeza adui njia.

Riwaya zetu zilikwisha kuonyesha njia nyingine. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika iliyotolewa mwaka 1971, alitupeleka Ukerewe ndani ya nyumba ya Zakaria mlevi na mkewe Regina. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimchora Maksuudi, mtu mwenye heshima mbele ya watu na mkatili mbele ya mkewe Tamima. Wasomaji wengi wameijua hofu ya nyumba hizo kana kwamba waliishi humo, wala hapana mwanamke hai aliyeitwa na kuulizwa kwa nini amesema. Nguvu ya vitabu hivi haikutoka katika anwani wala tarehe. Ilitoka katika mambo ambayo kila aliyeteswa huyajua: mlio wa komeo usiku, kimya cha watoto, sauti inayopimwa kabla ya kujibu. Mambo haya ni ya kweli kuliko jina la kijiji, wala hayamtaji mtu.

Yupo atakayejibu kwamba riwaya ni riwaya na ushuhuda ni ushuhuda. Kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Na kwamba watendao maovu hupona kwa sababu majina hayatajwi. Atatukumbusha wimbo wa Kijiti ulioimbwa na Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950. Wimbo ule wahusu kuuawa kwa mwanamke, na hata leo huitwa kwa jina la mtuhumiwa. Hoja hii ina uzito, lakini hapana budi kutofautisha. Aliyekufa hawezi kupigwa tena. Aliye hai atarudi nyumbani jioni. Tena, kumtaja mtesaji wa nyumbani ni kumtaja mteswa, kwa kuwa wawili hao hujulikana pamoja. Mahali pa kutaja majina yao ni mbele ya hakimu, penye ulinzi wa sheria.

Wala si kweli kwamba siri hupunguza ukweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2005 matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwa mojawapo. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mume au mwenzi, asilimia 41 katika Dar es Salaam na asilimia 56 katika Mbeya walisema wamewahi kupigwa au kulazimishwa kimwili naye. Maneno hayo yalipatikanaje? Katika kila nyumba alihojiwa mwanamke mmoja tu. Mbele ya majirani kazi ilielezwa kuwa ni uchunguzi wa afya na maisha ya wanawake. Mtoto aliyepita miaka miwili hakuruhusiwa kuwapo, na muulizaji alifundishwa kugeuza mazungumzo mtu akitokea. Kuhusu kuingiliwa utotoni, katika mahali pengi mwanamke alipewa pia kadi yenye picha ya uso wa furaha na uso wa huzuni, atie alama bila kuonwa. Na kwa jumla waliokiri kwa kadi walikuwa wengi kuliko waliokiri kwa mdomo. Stara ndiyo iliyoufungulia ukweli mlango.

Sheria nazo zimeanza kulitambua jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria ya Kenya huhesabu hali ya ndoa, na majina ya watoto, wazazi na mwenzi, kuwa taarifa nyeti zinazostahili ulinzi wa ziada. Lakini sheria hiyo hiyo humwachia mlango mwandishi wa habari, wa fasihi na wa sanaa, akiamini kwa sababu za haki kwamba utangazaji wake una manufaa kwa umma. Mlango huo ni wa lazima, maana pasipo huo fasihi ingezibwa mdomo. Hata hivyo, pale sheria inapomwamini mwandishi, ni nani atakayempima? Ni mhakiki. Kazi ambayo hakimu hakupewa imemwangukia yeye, wala hawezi kuikwepa kwa kusema kwamba yeye hutazama lugha na mtindo tu.

Basi na apime hivi. Kwanza, aulize kama kila jambo dogo lililobaki katika simulizi linaibeba hofu yake, au limewekwa kwa pambo. Kilicho pambo na kimtambulishe mtu, kitupwe. Pili, aulize kama mwandishi amewaambia wasomaji kwamba baadhi ya mambo yamegeuzwa, bila kusema ni yapi. Kwa hivyo msomaji hadanganywi na mtesaji hasaidiwi. Tatu, aulize juu ya ridhaa. Anayesimulia leo kwa uchungu aweza kesho kutaka maneno yake yarudi, na watoto wake watajua kusoma. Ridhaa iombwe kabla ya mazungumzo na mara nyingine baada ya kusomewa yaliyoandikwa. Nne, aulize juu ya yale yasiyochapwa: daftari, kanda za sauti na orodha ya majina. Orodha ikiwekwa pamoja na masimulizi, anayeiba kimoja ameiba vyote. Na sauti inayopita redioni haina jina bandia. Jirani huitambua kabla ya neno la tatu.

Ipo haki moja ambayo hakuna kipimo kiwezacho kuifuta. Jina ni mali ya mwenyewe. Akitokea mwanamke aliyekwisha kuwa salama, akapima hatari kwa utulivu, akataka ushuhuda wake uchapwe kwa jina lake kamili, ana haki ya kulisimamisha juani. Kumkatalia ni kumnyang'anya kwa mara ya pili. Lakini uamuzi huo ni wake peke yake. Mwandishi hawezi kuutoa kwa niaba yake kwa ajili ya kutafuta nguvu ya kitabu.

Wazee walisifu stara, na kwa muda mrefu stara ya nyumba ilikuwa vazi la mtesaji: mke aliambiwa anyamaze ili mume asiaibike. Wajibu wetu si kulichana vazi hilo na kuwaacha wote wawili uchi. Ni kumvua asiyestahili na kumvisha aliyeachwa kwenye baridi. Simulizi iliyotimiza hili ina fadhila mbili: waliokuwa hawajui hujua, na aliyesema hulala usingizi usiku ule.