Makali Yasiyorudisha Mwanga

Wembe wa kukunja uliofuliwa Sheffield, Uingereza, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ukimfikia mwanagenzi leo mara nyingi huwa umefubaa, umeliwa na kutu, na mpini wake umepinda. Mwanagenzi hukimbilia msasa. Fundi anayeijua kazi humzuia: kwanza atazame. Je, mgongo wa wembe umelika upande mmoja kuliko mwingine? Basi mwenyewe wa zamani alikuwa na mkono mzito akinoa. Je, kwenye shina, karibu na jina la mtengenezaji, pamegongwa neno ENGLAND? Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zionyeshe nchi zilikotoka, na ndiyo maana muhuri huo mara nyingi humwambia fundi kwamba wembe ulitoka kiwandani baada ya hapo.

Kisha ndiyo kutu. Ile nyekundu ya juujuu hutoka kwa mafuta na sufi ya chuma. Ile nyeusi iliyochimba vishimo huachwa ilipo, ilimradi haijayafikia makali. Asiye na subira huupeleka wembe kwenye mashine ya kung'arisha, na hapo ndipo nyembe nyingi kongwe zimeangamia. Ubapa ulio karibu na makali ni mwembamba mno. Gurudumu likiupasha moto hadi chuma kibadilike rangi, ule ugumu aliouweka mfuaji umekwenda, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Mapambo yaliyochorwa ubavuni nayo hufutika. Inauma kuona chombo kilichovuka vita viwili vya dunia kikimalizwa mchana mmoja na mtu aliyetaka tu king'ae.

Kinoo chenyewe kina heshima yake. Wanoaji wengi bado wanakipenda kile cha manjano kinachochimbwa maeneo ya Vielsalm, kwenye milima ya Ardennes huko Ubelgiji, kinachoitwa coticule. Tabaka lake ni jembamba, kwa hiyo hubandikwa juu ya jiwe jingine ili lisivunjike, na ndani yake mna chembe ndogo ngumu za ganeti zinazokwangua chuma taratibu. Vipo pia vinoo vya kutengenezwa kiwandani, vyenye namba: 1000 kwa kuyaanzisha makali upya, 4000 na 8000 kwa kuyalainisha. Vinafanya kazi vizuri, tena haraka.

Waliobuni wembe huu walimrahisishia mnoaji jambo moja kubwa: mgongo ndio unaopima pembe. Wembe hulazwa bapa juu ya jiwe lililolowa, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja, na unene wa mgongo huo unaamua makali yainuke kiasi gani. Hakuna cha kukisia. Kinachobaki ni mkono, na hapo ndipo miezi inapopotea. Vidole viwili vinashika shina, kidole gumba kinatulia, wembe unasukumwa makali yakitangulia, kutoka kisiginoni hadi nchani, kisha unageuzwa kwa mgongo wake na kurudishwa. Uzito wa wembe wenyewe karibu unatosha. Ukikandamiza, ubapa unajikunja kidogo na makali yanainuka bila kugusa jiwe. Mwenye jicho hutazama maji. Makali yakigusa jiwe vizuri, maji hupanda juu ya ubapa kwa urefu wake wote, na yanapobaki chini pana mahali ambapo chuma hakijafika.

Halafu huja mtihani wa taa. Wembe hushikwa makali yakielekea juu, chini ya mwanga mkali, na mnoaji hutazama kwa kioo cha kukuzia kama kile cha sonara. Makali butu yana upana, na upana hurudisha mwanga: utaona kiuzi cheupe, au nukta moja tu inayometa karibu na ncha. Kazi inaanza tena. Makali yaliyokamilika hayarudishi chochote. Jicho halioni kitu pale ambapo kidole kingepata jeraha. Fundi aliyezoea huweza kukaa na nukta hiyo moja jioni nzima, na hajioni amepoteza muda.

Mwisho ni mkanda wa ngozi. Hapo mwendo hugeuka: mgongo hutangulia na makali hufuata, maana ukikosea ngozi inachanwa.

Stadi hii ilipotea majumbani kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1903 kampuni ya King Gillette huko Marekani iliuza viwembe 51 tu vya aina yake mpya, pamoja na makali 168 ya kutupwa. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza viwembe milioni 3.5 kwa ajili ya wanajeshi wake. Vijana hao walirudi makwao wakiwa wamezoea kutupa. Kwa vinyozi wa leo, kutumia wembe mpya kwa kila mteja ni kinga dhidi ya maradhi, na hilo halina mjadala. Lakini bafuni kwa mtu mmoja, anayejinyoa peke yake, hoja hiyo haipo.

Wala zama zile hazikuwa pepo. Vumbi la mawe liliwaua wasaga visu wa Sheffield: Friedrich Engels, akimtegemea Daktari Knight wa mji huo, aliandika mwaka 1845 kwamba waliosaga bila maji waliishi kwa wastani wa takriban miaka 35 tu. Mipini nayo ina damu yake. Mingi ya ile bora ilikuwa ya pembe ya ndovu, na karne ya 19 soko kuu la pembe katika pwani ya Afrika Mashariki lilikuwa Unguja. Wapagazi walizibeba mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa, zikauzwa ng'ambo, na viwanda vya visu vya Sheffield vilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa.

Tangu Juni 2022 sheria ya Uingereza imepiga marufuku biashara ya pembe, isipokuwa kwa vitu vichache. Ni sheria njema, na imechelewa. Ila baadhi ya wauzaji, ili chuma kiuzike, huzing'oa ribiti, hutupa vibao vya pembe na kufunga vya plastiki. Sheria haikuwaambia watupe. Inaruhusu kumiliki, kurithisha na kutoa zawadi, na makumbusho yaliyoidhinishwa yanaweza kununua. Kinachoishia jalalani ni pembe ambayo ndovu aliuawa kwa ajili yake na mtu akatembea nayo miezi, na kinachookolewa ni bei ya ubapa.