Ufa Karibu na Nguzo

Mhandisi mzoefu akiitwa kuangalia bimu iliyopasuka, kwanza huagiza lipu ibanduliwe. Lipu ina nyufa zake, nyingine hazihusiani na zege hata kidogo. Likishatokeza, hupigwa brashi, kisha tochi humulikwa kwa ubavu ili ufa mwembamba kama unywele utoe kivuli. Hapo ndipo anapoanza kuuangalia, na haulizi upana. Anauliza unaanzia wapi na unaelekea wapi.

Ufa wima juu ya nguzo, mpana juu na unaofifia ukishuka, humfanya azishuku nondo za juu: pengine ni chache, pengine mafundi walizikanyaga wakati wa kumwaga zege zikazama. Ufa unaofuata urefu wa nondo, wenye madoa ya kutu, ni kazi ya chumvi. Wa Pwani wanaujua. Unaomnyamazisha ni ule wa mshazari, wa nyuzi 45 hivi, unaotoka jirani na nguzo na kupanda kuelekea katikati ya bimu. Huo unasema bimu inakatika, na ringi zilizopaswa kuishikilia hazitoshi.

Na mhandisi haishii kwenye nguzo. Hutembea mbele kidogo, hadi nondo za juu zinapokomea. Agosti 1955 paa la ghala la Jeshi la Anga la Marekani huko Shelby, Ohio, liliporomoka likiwa halijabeba zaidi ya uzito wake. Zege lilikuwa limesinyaa na kujivuta, na bimu zilikatika kwa mshazari karibu na nondo zilipokatishwa, mahali pasipo na ringi. Kanuni za ujenzi za Wamarekani zilibadilishwa baada ya hapo.

Nyufa nyingine huzivumilia: hutia alama ya penseli kwenye ncha, huandika tarehe, hupima kwa kadi ya mistari (milimita 0.3 ndiyo kawaida ya kuanza kuhoji), kisha hurudi baada ya miezi. Wa mshazari haupewi miezi. Mirunda ya kuitegemeza bimu kwanza, maswali baadaye, na hilo ndilo ninalolihusudu zaidi kwake: kujua ni upi wa kusubiriwa.

Mirunda ikishakazwa, utaratibu hurudi. Kifaa cha kutafuta chuma hupitishwa ubavuni mwa bimu, na kila ringi huchorewa mstari wa chaki. Kuna bimu ambamo mistari hiyo husongamana katikati na kuachana karibu na nguzo, kinyume kabisa na inavyotakiwa.