Mnara Ujengwao na Nasibu

Katika sanaa zote zilizozaliwa na kompyuta iko moja ambayo husifiwa kwa nadra, kwa sababu kazi yake haionekani mara mbili: nayo ni sanaa ya kutunga kanuni ambazo kwazo mashine, kila iamriwapo, huzua orofa mpya ya mnara, yenye vyumba, shoroba, mitego, hazina na mazimwi yake, orofa ambayo hakuna jicho lililoiona kabla, na ambayo mchezaji akishatoka kwenda ya juu yake hakuna jicho litakaloiona tena. Watu husifu picha za mchezo, husifu muziki, husifu hadithi na nyuso nzuri za mashujaa; mpangaji wa vyumba hupitwa kama asiyekuwapo, na wengine, wakisikia kwamba vyumba vimepangwa kwa nasibu, hudhani kwamba hakuna aliyepanga kitu. Dhana hiyo ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Mnara niupendao kuliko yote ni ule wa Azure Dreams, mchezo wa PlayStation uliotolewa na Konami mwaka 1997. Katika mji wa Monsbaiya, ulioko jangwani, wakazi huishi kwa riziki itokayo katika mnara mrefu uliosimama karibu nao, wenye orofa 40, ambamo hutagwa mayai ya mazimwi. Na kijana aitwaye Koh, ambaye baba yake Guy aliingia humo asirudi, hupata idhini ya kuingia afikapo umri wa miaka 15. Hadi hapo hadithi ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni sharti alilowekewa huyo Koh na waliomtunga, nalo ni kwamba kila aingiapo mnarani huanza upya akiwa mnyonge wa daraja ya kwanza, hata kama jana alitoka humo akiwa hodari wa kutisha, na kila aingiapo huukuta mnara umevunja kuta zake zote na kuzipanga vingine. Yaliyobaki kutoka jana ni matatu tu: mali aliyoifikisha nyumbani, mazimwi aliyoyaangua na kuyafuga, ambayo nguvu zake hazipungui kwa kutoka, na akili ya mtu mwenyewe aliyeshika vitufe. Akizidiwa ndani hurejeshwa mjini hohehahe, mzigo wote umepotea. Akitoka salama huuza alichopata, akajenga mjini uwanja wa mashindano, maktaba na mengineyo, hata mji ule mdogo ukanawiri machoni pake orofa kwa orofa, kwa jasho la mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuparudia.

Asili ya minara hii, ajabu yake, si mnara bali ni shimo. Karibu na mwaka 1980 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman, ambao baadaye waliungana na Ken Arnold wa Berkeley, waliandika mchezo uitwao Rogue, usiokuwa na picha hata moja: kuta zake ni vistari, milango yake ni alama za kujumlisha, mazimwi yake ni herufi kubwa 26 za alfabeti, na shujaa mwenyewe ni alama ya @ itembeayo gizani kwenda chini kutafuta hirizi ya Yendor. Mtu akifa amekufa. Hakuna kurudi nyuma. Basi mchezo huo, ambao ungeweza kuchorwa kwa taipureta, ulikuwa na fundi ndani yake.

Ufundi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Mashine huigawa skrini sehemu tisa, tatu kwa tatu, na katika kila sehemu hupiga kura juu ya ukubwa wa chumba na mahali pa kukiweka, na mara nyingine kura huamua kwamba pasiwe na chumba kabisa, bali makutano ya njia tu. Kisha hushika chumba kimoja ikakiunganisha kwa ushoroba na jirani yake, na jirani huyo na jirani wa pili, isipumzike mpaka hakuna chumba hata kimoja kilichoachwa pekee; na ikishamaliza faradhi hiyo huongeza njia chache za sunna, ambazo bila ya hizo mtu angefika vilevile, ili mkimbiaji awe na mlango wa nyuma na mfukuzaji awe na njia ya kumkata mbele. Hiyo ndiyo kanuni nzima, na mtoto wa shule aweza kuielewa. Lakini humo mna uamuzi ambao ni wa mwanadamu, si wa mashine, kwamba nasibu imepewa uhuru wa kila kitu isipokuwa uhuru wa kumfungia msafiri njia. Ruhusa ya kumnyima chakula inayo. Ruhusa ya kumtupa katikati ya maadui inayo. Ruhusa ya kumjengea chumba kisicho na njia ya kutokea haina, na mwenye kuinyima ruhusa hiyo ni fundi.

Hila yao ya pili naistahi zaidi. Dawa zipatikanazo shimoni hutambulikana kwa rangi zake, na rangi hizo huchanganywa upya kila mchezo uanzapo, hata ile nyekundu iliyomponya mtu jana yaweza kuwa ndiyo itakayompofusha leo. Na hati za uchawi nazo huitwa kwa majina yasiyo na maana, mapya kila mara. Kwa hiyo maarifa ya mchezaji hayawezi kuwa maarifa ya kukariri. Huyo aliyecheza mwaka mzima hajui dawa ya kijani ni ipi, lakini anajua kwamba dawa isiyojulikana hainywewi mbele ya adui, wala haiachwi mpaka dakika ya kufa, bali huonjwa wakati wa salama, afya ikiwa imejaa na mlango uko karibu.

Hapa ndipo nikumbukapo bao. Bao letu la kete 64 halina nasibu hata chembe: wachezaji wawili huanza kila siku kwa mpango ule ule, kila mmoja na kete kumi ubaoni na 22 za kunamua, na kila kitu kiko wazi chini ya jua, hata ikawa fundi wa bao ni mtu wa kumbukumbu, ambaye akiona mtaji hukumbuka mitaji mia iliyofanana nao. Mpandaji wa mnara hana cha kukumbuka. Akijua tabia ya zimwi hajui litakuwa mlango gani. Akijua bei ya yai hajui kama leo kutakuwa na yai. Sisemi kwamba mmoja ni bora kuliko mwenziwe, na bao nalipenda. Nasema tu kwamba ziko akili mbili, ya kumbukumbu na ya tadbiri, na mnara huu humwajiri mtu kwa ya pili.

Turudi kwa Koh, tumweke katika orofa mojawapo ya juu kidogo ya nusu ya mnara. Ametokea katika chumba cha pembe nne, afya yake imebaki theluthi, na nyuma yake liko zimwi lake la jamii ya moto, ambalo kwa kanuni ya mnara huo hushinda la upepo na kushindwa na la maji. Hatua nne mbele yake sakafu inang'aa: ndiyo lifti ya kumpandisha, na lifti hiyo haijui kushusha. Kushotoni kwake upo ushoroba, na kule mwisho wake, katika chumba cha pili, liko yai, na karibu na yai limelala zimwi la maji. Mfukoni mwake imo fuwele ya upepo, moja tu, ambayo akiitumia humrudisha mjini papo hapo na mizigo yake yote. Mchezo huu si wa mbio. Akisimama, na ulimwengu husimama. Akipiga hatua moja, kila kilicho hai mnarani hupiga hatua yake. Basi anayo saa nzima ya kufikiri juu ya hatua kumi. Je, afuate yai, ilhali zimwi lake halifai kwa vita hivyo na sakafu isiyokanyagwa huenda imeficha mtego? Apande, akitumaini kwamba juu ataangukia chumba kitupu? Au aivunje fuwele sasa, aende nyumbani na alicho nacho, akimwachia mwenye pupa yai lisilokuwa lake?

Wanaojifunza hujibu kwa tamaa na wajuzi hujibu kwa hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu: thamani ya yai dhidi ya thamani ya kilichomo mfukoni. Ugumu ni kuifanya wakati yai linaonekana na hasara haionekani. Wengi wa niliowaona wakipoteza kila kitu walikuwa na fuwele mfukoni, haikutumika.

Lakini fundi akiishia hapo mchezaji mwerevu atamshinda kwa uvivu, yaani atakaa orofa ya chini akiua wadogo mpaka awe na nguvu za kutosha. Ndiyo maana katika sanaa hii lazima pawepo mhimizaji. Rogue ilimweka njaa: mtembezi hula, na chakula hupatikana kwa kusonga mbele. Azure Dreams iliweka uchovu wa mazimwi, ambayo lazima yalishwe matunda. Na Persona 3, ya Atlus, iliyoongozwa na Katsura Hashino na kutolewa Japani mwaka 2006, ilimweka Mauti mwenyewe: katika mnara wake uitwao Tartarus, ambao huchipuka usiku wa manane kutoka katika jengo la shule, mwenye kukawia mno katika orofa moja husikia minyororo ikiburuzwa, na ajaye ni adui ambaye mchezaji wa kawaida hana la kumfanya ila kuikimbilia ngazi.

Nimeutaja Tartarus, na sina budi kuusema, maana wenye kuupenda ni wengi. Una orofa zaidi ya 250, na muziki wake, kila mtu apandapo daraja mpya ya mnara, huongezewa sauti juu ya sauti, jambo ambalo nalihesabu kuwa la ustadi mkubwa. Walakini shoroba zake, katika toleo lile la kwanza, ni shoroba tu. Zimepinda leo kulia na kesho kushoto, rangi zikabadilika kila baada ya orofa kadhaa, lakini kupinda kwenyewe hakumwulizi mpandaji swali lolote, maadamu kila upande una maadui wa namna moja na visanduku vya namna moja. Hiyo ni nasibu ya sura, isiyofika moyoni mwa jambo. Nadhani waliolitengeneza upya, Persona 3 Reload ya mwaka 2024, walilitambua hilo, kwani waliweka milango ya Monad, ambayo nyuma yake kuna adui mkali na hazina yake, ikabidi mtu asimame mlangoni na kujipima kabla ya kuingia.

Wajapani, kwa kweli, ndio walioilea sanaa hii baada ya Wamarekani kuizaa. Chunsoft mwaka 1993 walimchukua Torneko, mfanyabiashara mnene wa Dragon Quest, wakamtia katika mapango ya nasibu atafute bidhaa za duka lake. Na miaka miwili baadaye wakamleta Shiren, msafiri wa kutangatanga, ambaye huweza kufungua mlango akakuta chumba kizima kimejaa mazimwi na kimejaa mali, vyote kwa pamoja, ukarimu na ukatili katika chumba kimoja. Na kabla ya hao, mwaka 1984, Masanobu Endō wa Namco alikuwa amejenga mnara wa Druaga, wa orofa 60, ambao kuta zake mashine huzizua kwa hesabu ianziayo kwenye nambari ya orofa yenyewe. Na kwa kuwa nambari haibadiliki, kuta hazikubadilika, na orofa ya saba mjini Tokyo ilikuwa ndiyo orofa ya saba popote pengine. Kompyuta haijui kubahatisha. Hupewa nambari ya kuanzia, ikaizungusha katika hesabu mpaka mwenye kutazama asione mpango wowote, na kwa nambari ile ile itatoa mnara ule ule hata baada ya miaka mia.

Jambo hilo, ambalo kwa Endō lilikuwa njia ya kubana nafasi ndogo ya mashine, vijana wa leo wamelifanya uwanja. Slay the Spire, mchezo wa kampuni ya MegaCrit uliokamilika mwaka 2019, una mnara ambao silaha zake ni kadi: kila ushindapo huonyeshwa kadi chache, ukachagua moja au ukakataa zote, na kila safari ina nambari yake iliyoizaa. Kila siku iko nambari moja ambayo hupewa wachezaji wote duniani, hata watu elfu wakapanda mnara mmoja, wakakutana na maadui wale wale kwa zamu ile ile, wakaonyeshwa kadi zile zile baada ya vita vya kwanza. Mmoja akafia njiani na mwingine akafika kileleni. Hapo huzuka mabishano matamu. Huyu husema kadi ya tatu ilikuwa mtego mtupu, yule huapa kwamba ndiyo iliyomwokoa, na wa tatu hudai kwamba kosa lilikuwa kupita njia ya kushoto badala ya kupumzika motoni. Mimi aghalabu huwa upande wa aliyekataa kadi, kwa kuwa fungu jembamba humfikishia mtu upesi ile kadi anayoitaka, ingawa wako mafundi wanaopanda kila siku kwa fungu nene kama Msahafu, na hao hawanisikilizi.