Njia za Misafara Kufika Ziwani: Je, Kompyuta ni Shahidi?

Ndugu msomaji, siku hizi wako watafiti wanaochora upya njia za kale bila kuondoka mezani. Huchukua vipimo vya miinuko ya ardhi, kama vile vilivyopigwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000, wakaigawa nchi katika miraba midogo. Kila mraba hupewa gharama yake: penye mteremko mkali gharama huwa kubwa, penye tambarare ndogo. Programu hujumlisha, kisha hutoa mstari wenye gharama ndogo kuliko yote. Mstari huo huitwa njia ya kale. Nasi tunauliza: kwa ushahidi gani?

Tuanze na palipo karibu. Tarehe 9 Julai 1858 Mwingereza Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora, akafika Mwanza tarehe 3 Agosti. Hakuigundua njia hiyo. Habari za ziwa na njia zake alizipata Kazeh kwa Waarabu wafanyabiashara, wa mbele wao Snay bin Amir, na katika msafara wake alikuwamo Sidi Mubarak Bombay. Kutoka Tabora hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 280. Tukitumia kanuni ya mwendo ya Waldo Tobler ya mwaka 1993, inayompa mtu takriban kilomita 5 kwa saa penye tambarare, basi kwa saa 7 kila siku safari ingekwisha katika siku 8. Speke alitumia siku 25. Alirudi Kazeh tarehe 25 Agosti, na hata tukizihesabu siku alizotua ziwani, ni siku 22 tu. Miinuko haikubadilika baina ya kwenda na kurudi!

Basi zile siku nyingine zilikwenda wapi? Mwenye kuijua misafara hashangai. Kuna hongo ya mtemi, na bila hongo hapapitiki. Kuna kununua chakula cha wapagazi, kungoja mgonjwa, kukwepa vita, na kulala penye maji hata kama kisima kiko kando ya njia. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachoonekana kwa rada. Tena Unyamwezi na Usukuma ni uwanda. Ukiondoa vilima vya mawe, mwinuko hautofautiani sana. Kwa hiyo kompyuta iliyoamrishwa kufuata miinuko peke yake haina cha kuchagua, na huchora mstari ulionyooka, na mstari huo huingia katika ramani ukapewa jina la historia.

Mafakihi wetu walilijua jambo hili zamani. Imamu Nawawi (Allah amrehemu) ametaja katika Minhaj masuala ya msafiri mwenye njia mbili, ndefu inayofikia masafa ya kupunguza Sala na fupi isiyofikia. Akishika ile ndefu kwa lengo, kama wepesi au amani, atapunguza. Kama hana lengo, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi hapunguzi. Tazama, wepesi ni sababu moja tu, na amani imewekwa kando yake kwa daraja ile ile. Njia ni kitendo cha mtu mwenye makusudio.

Hatusemi fani hii itupwe. Ibn Khaldun mwanzoni mwa Muqaddima, kitabu alichokiandika mwaka 1377, alizikataa habari kwamba wafalme wa Yemen waitwao Tubbaa waliivamia Maghribi. Hoja yake ilikuwa ya ardhi: hapana njia ila kupitia Suez, nchi za katikati zilikuwa na wenyewe, na jeshi lahitaji chakula na malisho. Aliitumia jiografia kubatilisha habari isiyowezekana. Hakuitumia kuzua habari ambayo hakuna aliyeisimulia. Huo ndio mpaka tunaoutetea. Katika Darb Zubayda, njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, mstari wa kompyuta unaweza kupimwa kwa mabirika na visima vilivyobaki. Huku kwetu mawe hayo hatuna. Tuna makaburi, miembe, majina ya vijiji na vinywa vya wazee.

Na kuna kosa moja kubwa kuliko yote. Ramani nyingi za namna hii hulifanya ziwa kuwa ukuta. Kwa mtu wa Mwanza ziwa ndilo barabara! Ni kweli kwamba Ahmad bin Ibrahim, aliyefika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, alipita Karagwe kwa nchi kavu. Lakini katika miaka ya 1870 mfanyabiashara Songoro alikuwa na jahazi lake katika maji haya, mpaka alipouawa Ukerewe Desemba 1877. Kageye, ambako Stanley alifika Februari 1875, ilikuwa bandari ya kuvukia kwenda Buganda. Tena ufuko wenyewe umehama: baina ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2.

Tanzania ilipoiweka njia kuu ya misafara katika orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006, vituo vilianzia Bagamoyo vikaishia Ujiji. Tawi la ziwani halimo. Atakayetaka kuliandika na aanzie Kageye, kwa miguu na kwa kuuliza, kisha ndipo aiwashe kompyuta.